Mapafu, Ukavu na Bakuli la Peasi: Tiba ya Kichina Inavyoyaona Majira ya Mapukutiko

Tarehe 7 au 8 Agosti jua la Beijing bado linachoma, matikiti bado yamerundikwa sokoni, na watu wanalala na feni. Lakini kalenda ya jadi ya Kichina inasema kiangazi kimekwisha. Siku hiyo inaitwa Liqiu, mwanzo wa mapukutiko, majira ambayo miti ya nchi za kaskazini hupoteza majani. Katika nyumba nyingi za kaskazini mwa China siku hiyo hupikwa nyama. Imani ni kwamba joto limemkondesha mtu, na kabla baridi haijafika inafaa arudishe mafuta aliyoyapoteza. Zamani watu walipimwa uzito kiangazi kinapoanza, wakapimwa tena siku ya Liqiu, na aliyekonda ndiye aliyekuwa na hoja ya kuongezwa mnofu.

Ukimpelekea habari hiyo daktari wa tiba asili ya Kichina, huenda akatikisa kichwa. Kwa hesabu zake, tumbo lililoshinda kiangazi kizima likipokea matikiti na vinywaji vya baridi bado ni dhaifu, na kulishindilia nyama ya mafuta kwa mkupuo ni kulipa kazi lisiyoiweza. Atakushauri uanze na uji na mboga zilizoiva vizuri, nyama ije polepole.

Nimeanza na mvutano huo makusudi. Ujumbe mwingi unaozungushwa kwenye simu kuhusu afya huanza na "Wachina wanasema", kana kwamba Wachina wote wana mdomo mmoja. Ukweli ni kwamba ushauri wa majira haya umetoka mahali pengi: kitabu cha kale, madaktari waliobishana kwa karne nyingi, methali za wakulima, na siku hizi wafanyabiashara wenye vidonge vya kuuza. Vyote vimechanganywa chungu kimoja. Ukivitenganisha, utaona kwamba sehemu kubwa ni maelezo ya hali ya hewa ya mahali fulani, na neno linalobeba karibu kila kitu ni ukavu.

Kalenda inayofuata jua

Wachina wa kale waliugawa mwaka katika vipindi 24 kwa kufuata mwendo wa jua, kila kimoja takriban siku 15. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utaratibu huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Vipindi sita ndivyo vya mapukutiko: Liqiu, Chushu, Bailu, Qiufen, Hanlu na Shuangjiang. Majina yake ni taarifa ya hali ya hewa. Chushu, karibu tarehe 23 Agosti, ni mwisho wa joto. Bailu, tarehe 7 au 8 Septemba, ni umande mweupe. Hanlu, karibu tarehe 8 Oktoba, ni umande wa baridi. Shuangjiang, karibu tarehe 23 Oktoba, ni kushuka kwa jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri ambayo watu wa Makete na Limuru hawahitaji kuelezwa.

Taarifa hiyo inahusu bonde la Mto Manjano, kaskazini mwa China, ambako kalenda ilizaliwa. Huko mvua nyingi ya mwaka hunyesha katika miezi michache ya kiangazi, pepo zinapovuma kutoka baharini. Kisha upepo hugeuka. Msomaji wa pwani anayejua kusi na kaskazi atalielewa jambo hili upesi: upepo unaotoka baharini una maji, na ule unaotoka bara la mbali hauna. Huu wa China hutoka Siberia na Mongolia, mkavu na wenye baridi, na ndani ya wiki chache hewa iliyokuwa nzito kwa unyevu huwa nyepesi, anga likawa la buluu kali, na ngozi ikaanza kupauka.

Joto nalo haliondoki kwa adabu. Baada ya Liqiu huwa linarudi ghafla kwa siku kadhaa, na Wachina hulipa jina la chui milia wa mapukutiko. Ndiyo maana madaktari hugawanya ukavu wa majira haya mara mbili: ukavu wa joto mwanzoni, ukavu wa baridi mwishoni, na Qiufen, siku ambayo usiku na mchana hulingana karibu tarehe 23 Septemba, ikichukuliwa kama mpaka wa kukadiria. Mgawanyo huu tutaurudia, kwa sababu ndio unaoamua kama mwenye kikohozi apewe kitu cha kupoza au cha kupasha.

Mapafu yasiyoonekana kwenye eksirei

Ukisikia "mapukutiko ni majira ya mapafu", usifikirie picha ya kifua tu. Tiba hii imepanga ulimwengu katika makundi matano: mbao, moto, udongo, metali na maji. Kila kundi lina majira yake, viungo vyake, ladha yake, rangi yake na hisia yake. Mapukutiko yako kwenye metali, pamoja na mapafu, utumbo mpana, pua, ngozi na vinyweleo, rangi nyeupe, ladha ya ukali kama ya tangawizi na kitunguu, na huzuni.

Kwa hiyo "mapafu" katika lugha ya daktari huyo ni mfumo mzima: pua, koo, kifua, ngozi, na nguvu inayodhaniwa kuulinda mwili kwa nje dhidi ya baridi na upepo. Nguvu zote za mwili huitwa qi, hutamkwa "chi". Akikwambia mapafu yako yamekauka, hajasoma eksirei. Amesikia kikohozi kisicho na makohozi, ameona midomo iliyopasuka na ngozi iliyopauka, ameutazama ulimi, ameshika mishipa ya mkono, kisha akauliza kama choo ni kigumu. Swali hilo la mwisho huwashangaza wageni. Kwake halina ajabu yoyote, maana mapafu na utumbo mpana wamo kundi moja, na ukavu ukishika juu hutegemewa uonekane na chini.

Mwendo wa qi nao hubadilika na majira. Wakati wa machipuko hupanda, kiangazi hutawanyika nje, mapukutiko hurudi ndani na kushuka, na wakati wa baridi huwekwa akiba. Mapukutiko basi ni wakati wa kukusanya. Mambo mengi utakayoshauriwa, kuanzia saa ya kulala hadi kiasi cha jasho, yanatokana na wazo hilo moja.

Kitabu kilichoweka msingi ni Huangdi Neijing, mazungumzo ya Mfalme wa Manjano na mshauri wake Qibo. Mfalme huyo ni wa hekaya, na kitabu chenyewe kilikusanywa na watu wengi. Wataalamu wengi hukiweka katika karne mbili hivi za mwisho kabla ya Kristo, zama za nasaba ya Han. Sura yake ya pili inapanga maisha kwa majira manne. Kiangazi, lala usiku ukiwa umekwenda na uamke mapema. Wakati wa baridi, lala mapema na uchelewe kuamka, ungoje jua. Wakati wa mapukutiko, lala mapema na uamke mapema, uinuke pamoja na kuku. Moyo utulie, mtu asitawanye mawazo yake huku na huko. Anayekaidi huumiza mapafu, na adhabu yake haiji papo hapo: wakati wa baridi huharisha chakula ambacho hakijasagika. Ndivyo kitabu hiki kinavyofikiri. Kosa la msimu huu hulipwa msimu ujao.

Ukavu ulioingia kwa kubishana

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa dawa hawalisemi. Kitabu hicho chenyewe, kinapotaja kinachomwumiza mtu wakati wa mapukutiko, hakisemi ukavu. Kinasema unyevu: aliyeumizwa na unyevu wakati wa mapukutiko hukohoa wakati wa baridi. Tena kina orodha mashuhuri ya vyanzo 19 vya maradhi, na ukavu haumo.

Wa kwanza kuziba pengo hilo kwa uzito alikuwa Liu Wansu, tabibu wa karne ya 12, aliyeongeza mstari unaosema kwamba kila kilichokakamaa, kilichonyauka na kupasuka ni cha ukavu. Kisha mwaka 1658 tabibu aitwaye Yu Chang akathubutu zaidi. Alidai kwamba maandishi ya kale yalikuwa na kosa, kwamba pale penye "unyevu" palistahili kuandikwa "ukavu", akaandika hoja nzima juu ya ukavu wa mapukutiko na kutunga dawa yake ya kuokoa mapafu yaliyokauka. Kumkosoa Mfalme wa Manjano halikuwa jambo dogo. Hoja yake ilishika, na mwishoni mwa karne ya 18 tabibu Wu Jutong akaupa ukavu wa joto na ukavu wa baridi dawa mbili tofauti. Ya kwanza hujengwa juu ya majani ya mforosadi na mbegu za aprikoti. Ya pili pia ina mbegu za aprikoti, lakini inashika majani ya mmea wa kunukia uitwao zisu, unaochukuliwa kuwa wa kupasha.

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na macho. Mwezi Agosti mvua za kiangazi bado zipo na unyevu bado ni kero. Kufikia Oktoba, kaskazini, hakuna unyevu wa kulalamikia. Lakini mabishano haya yanatufundisha kitu kuhusu tiba yenyewe. Haikushuka ikiwa kamili. Hata sura iliyo nayo leo, yenye mitaala, vyuo na vitabu vya kiada, ilipangwa upya na serikali ya China miaka ya 1950, na vyuo vikuu vya kwanza vya namna hiyo vilifunguliwa mwaka 1956 katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu.

Jikoni

Ukiingia nyumba ya Kichina mwezi Oktoba na mtoto anakohoa, kuna uwezekano mkubwa utakuta peasi kwenye mvuke. Namna yake ni hii. Peasi huoshwa, kikakatwa kifuniko upande wa kikonyo. Moyo na mbegu huchokolewa kwa kijiko bila kutoboa kitako, ndani ya shimo hutiwa vipande vya sukari ya mawe, kifuniko kikarudishwa na kushikiliwa kwa vijiti vya kuchokolea meno. Peasi lenyewe huwekwa ndani ya bakuli na bakuli ndani ya sufuria ya mvuke, nusu saa au zaidi, mpaka nyama yake iwe laini na karibu kuona ndani. Chini ya bakuli hubaki maji mazito matamu ya rangi ya dhahabu iliyofifia. Hayo ndiyo anayonyweshwa mgonjwa kwanza, yangali moto, kisha hula peasi kwa kijiko.

Wenye uwezo huongeza unga wa chuanbei, vitunguu vidogo vyeupe vya mmea wa milimani Sichuan na nyanda za Tibet. Bei yake ni kubwa kwa sababu huchimbwa porini na umepungua sana. Kwa nyumba ya kawaida, peasi na sukari vinatosha.

Kwa nini limepikwa, na si kuliwa bichi? Tiba hii huvipa vyakula tabia ya moto au baridi bila kujali vimetoka kwenye jiko au kwenye friji. Wazee wa pwani yetu wanaoainisha vyakula kuwa vya baridi na vya moto watajisikia nyumbani. Peasi ni la baridi na hulainisha, kwa hiyo bichi linamfaa mwenye ukavu wa joto, koo linalowaka na kiu. Mwenye tumbo dhaifu, au aliyefikwa na ukavu wa baridi wa mwishoni, hupewa lililopikwa ili ubaridi wake upungue.

Kwenye meza hiyo hiyo utakuta uyoga mweupe laini uliochemshwa mpaka ukawa kama ute, mizizi ya yungiyungi, vitunguu vya ua la lili, asali, ufuta na maziwa ya soya. Tazama rangi: karibu vyote ni vyeupe, na mapafu ni ya rangi nyeupe. Watu wengi hukomea hapo, wakasema kula vyeupe. Mimi hoja ya rangi hainishawishi, maana sukari na unga wa ngano vilivyokobolewa navyo ni vyeupe. Kilicho wazi zaidi ni kwamba vyakula hivi vingi vina maji au ute, na huliwa kama supu. Mtu anayekunywa bakuli mbili za supu kwa siku wakati hewa imekauka amejipatia maji, awe anaamini metali au haamini.

Kuna fumbo moja la ladha linalowachanganya wasomaji. Ladha ya ukali ni ya mapafu, na mapukutiko ni majira ya mapafu. Iweje basi ushauri useme punguza ukali, ongeza uchachu? Jibu lipo kwenye uhusiano wa makundi. Metali huishinda mbao, kama shoka na mti. Majira yakiwa ya metali, mapafu tayari yana nguvu ya kutosha. Ukiyaongezea pilipili na tangawizi yataionea mbao, ambayo kiungo chake ni ini. Uchachu ni wa ini, hivyo matunda kama zabibu, komamanga na tufaha hulipa ini kinga. Sababu ya pili ni kwamba ukali hutoa jasho na kutawanya, na huu ni wakati wa kukusanya. Methali yao inakwenda mbali zaidi: katika mwaka, mapukutiko usile tangawizi, katika siku, usiku usile tangawizi.

Halafu unakuta majira hayo hayo ndiyo ya kaa wa mtoni wanaopendwa sana Shanghai na Suzhou, na hakuna anayewala bila siki yenye tangawizi iliyokatwa vipande vyembamba. Je, methali imesahauliwa? Hapana. Kaa huhesabiwa kuwa wa baridi sana, na tangawizi inawekwa kumpasha. Kanuni ya mlo husika imeishinda kanuni ya majira. Ukishaelewa hilo, utaacha kutafuta orodha ya "vilivyokatazwa" na utaona kwamba hesabu hufanywa upya kwa kila sahani na kila mtu.

Nguo, usingizi na mazoezi

Methali nyingine mbili zinagongana. Moja inasema machipuko jifunike, mapukutiko jiache upoe: usikimbilie makoti mara tu upepo unapobadilika, acha mwili uzoee. Nyingine inasema ikifika Bailu usiache mwili wazi, na ikifika Hanlu usiache miguu wazi. Madaktari huzipatanisha kwa kugawa mwili. Mikono na uso vivumilie ubaridi kidogo. Tumbo, kitovu, mgongo wa chini na nyayo vifunikwe. Wazee, watoto wachanga na wenye pumu au maradhi ya moyo hawahusiki kabisa na kujipoza. Hilo la mwisho nalikazia, kwa sababu ndilo linaloachwa njiani ujumbe unaposambazwa.

Kuhusu mazoezi, bustani za miji ya China alfajiri hujaa watu wanaofanya Baduanjin, miondoko minane ya taratibu ya kunyoosha mikono, mgongo na miguu huku pumzi ikivutwa polepole. Majira haya hupendelewa mazoezi yasiyotoa jasho jingi. Wengine hupanda vilima, hasa siku ya tisa ya mwezi wa tisa wa kalenda ya mwezi, sikukuu ya Chongyang, ambayo tangu mwaka 1989 China huiadhimisha pia kama siku ya wazee.

Huzuni ya Septemba

Tiba hii inaweka huzuni kwenye mapafu, na haidai kwamba ni mfano tu. Huzuni ya muda mrefu, inasema, hula qi ya mapafu. Mtu huhema kwa kuugua, sauti ikapungua, kifua kikabana. Majani yanapoanguka na mchana ukafupika, aliyefiwa huumia zaidi.

Inavutia kwamba upande mwingine wa dunia walifika karibu na hapo. Tiba ya Wagiriki, iliyoendelezwa na matabibu wa Kiislamu kama Ibn Sina na kuenea katika nchi za Bahari ya Hindi, nayo iliyaita majira haya baridi na kavu, ikayapa nyongo nyeusi, chanzo cha majonzi. Njia tofauti kabisa, anga lile lile la kaskazini. Leo madaktari wa kisasa wanajua kwamba kupungua kwa mwanga kunaweza kuleta sonona ya msimu kwa baadhi ya watu, hasa nchi zilizo mbali na ikweta. Kijana aliyekulia Tanga au Kisumu, ambako mchana haubadiliki sana mwaka mzima, akifika Harbin, mji wa kaskazini mashariki mwa China, kusoma mwezi Septemba hukutana na jambo hili kwa mara ya kwanza: kufikia Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Kulala mapema na kuamka na kuku, kwa hali yake, ni ushauri wa kuukamata mwanga uliopo.

Kipi kimepimwa, kipi hakijapimwa

Makundi matano hayajathibitishwa na sayansi, na sitarajii yathibitishwe, kwa sababu ni namna ya kupanga mambo. Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha metali ikiionea mbao. Shirika la Afya Duniani liliingiza sura ya tiba asili zenye asili ya Uchina wa kale katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019, lakini kuorodhesha istilahi ili zihesabike si kuthibitisha kwamba dawa inafanya kazi.

Kuhusu hewa kavu, hata hivyo, wakulima wa bonde la Mto Manjano hawakuwa wakiota. Ute wa puani na kwenye koo hunasa vumbi na vijidudu. Ukikauka, kazi hiyo huharibika. Virusi vya homa ya mafua hudumu zaidi katika hewa kavu yenye baridi. Na nyumba za kaskazini huongeza ukavu zenyewe: Beijing mitambo ya kupasha nyumba huwashwa rasmi tarehe 15 Novemba, na wiki moja baadaye watu huamka pua zikitoka damu. Bakuli la maji karibu na kitanda, mafuta ya kupaka kabla ngozi haijapasuka na visigino havijafanya magaga, na maji ya kunywa ya kutosha vina mantiki ya moja kwa moja.

Asali nayo imepimwa. Majaribio kwa watoto wenye mafua yameonyesha inapunguza kikohozi cha usiku kuliko kutompa mtoto chochote. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulamba, kwa sababu ya hatari ya sumu ya botulizimu. Na mwenye kisukari asidanganywe na neno "asili": peasi lililojazwa sukari ya mawe ni sukari.

Mfano maarufu wa kutoka kitabu cha kale hadi dawa iliyopimwa ni artemisinini. Tu Youyou alisoma maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, kuhusu kukamua mmea wa qinghao kwa maji yasiyochemshwa, akagundua kwamba moto ulikuwa unaua nguvu ya dawa. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel, na dawa mseto za malaria tunazomeza Afrika Mashariki zimetokana na kazi hiyo. Lakini angalia kilichofanyika. Kiini kilitengwa, kikapimwa kwa wanyama, kikapimwa kwa watu, kipimo kikajulikana. Mchanganyiko unaouzwa kwenye kopo lenye maandishi ya dhahabu kwa ajili ya "kusafisha mapafu" haujapita njia hiyo kwa sababu tu umetoka nchi ile ile.

Kuna mimea inayodai hadhari ya kipekee. Mahuang, inayotumika kwenye dawa nyingi za mafua na pumu, ina efedrini. Inapandisha presha na kuuhangaisha moyo, na Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye kiini hicho mwaka 2004. Gancao, mzizi mtamu unaotiwa karibu kila mchanganyiko, ukitumiwa kwa wingi kwa muda mrefu hupandisha presha na kupunguza potasiamu mwilini. Na Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya mia moja waliumia figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene ambamo mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana, ulio na asidi ya aristoloki. Haukuwa ushauri wa tiba ya Kichina ulioleta madhara hayo. Ulikuwa mkanganyo wa majina dukani. Figo hazikujali tofauti hiyo.

Na sisi tulio karibu na ikweta?

Hatuna mapukutiko. Oktoba na Novemba, wakati Beijing inakauka, Dar es Salaam na Mombasa zinasubiri au zinapokea mvua za vuli, na hewa ni nzito kwa unyevu. Kumlainisha mapafu mtu wa Kariakoo mwezi Novemba kwa sababu kalenda ya Uchina imesema ni kuisoma tiba kinyume na ilivyokusudiwa, na daktari mzuri wa Kichina atakuwa wa kwanza kukwambia. Madaktari wa China wamekuwa wakifanya kazi Zanzibar tangu mwaka 1964, na wagonjwa wanaowapokea huko hawaishi kwa kalenda ya Mto Manjano.

Ukavu wetu una wakati wake na mahali pake. Dodoma na Singida mwezi Julai, upepo wa kipupwe ukipuliza vumbi. Iringa na Njombe asubuhi za Juni. Nairobi Januari na Februari kabla ya mvua za masika. Hapo ndipo supu, mafuta ya ngozi, kulala mapema na peasi la Lushoto lililopikwa kwenye mvuke vina kazi ya kufanya. Anayeishi Guangzhou na anayeishi Harbin nao wasifuate mlo mmoja, ingawa wako nchi moja: kusini hakuna mitambo ya kupasha nyumba, na joto huendelea mpaka Novemba.

Kikohozi kikavu, basi, kinaweza kutulizwa nyumbani kwa siku chache. Kikipita wiki mbili, au kikija na homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito au makohozi yenye damu, daktari wa Tanzania na Kenya atataka makohozi yapimwe kifua kikuu, na kipimo hicho hakilipiwi katika vituo vya serikali.